Nimemwosha Samson kwa Sabuni za Marehemu Mke Wangu, na Bado Ananuka

Mpendwa Bi. Marjorie wa safu ya ushauri,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku niliyopangiwa kumpeleka Samson akakatwe tezi za harufu, na mimi mwenyewe sijui kama natenda haki au natenda dhambi, na kwenye klabu ya wawindaji wenzangu siwezi kumuuliza mtu kwa sababu watanicheka mpaka nife.

Samson ni fereti wangu, yule mnyama mdogo mwembamba wa jamii ya kicheche, dume, mwenye miaka minne, wa rangi ya maziwa na macho mekundu. Mimi nina miaka sabini na tisa, nilichimba makaa mpaka walipofunga mgodi wetu, na tangu nivae suruali ndefu sijawahi kukaa bila fereti, kama baba yangu na babu yangu, maana kwetu Jumapili asubuhi ilikuwa wengine wanakwenda kanisani na sisi tunakwenda mashambani na nyavu, tunafunika matundu ya sungura, tunamwingiza fereti chini awafukuzie sungura nyavuni, kisha tunakaa kimya tukisikiliza ardhi, na adhuhuri unarudi nyumbani na sungura wawili watatu wa kutia kwenye mkate wa nyama. Siku hizi magoti hayataki, na Samson hajaingia shimoni tangu mwaka juzi.

Mke wangu Olive alinivumilia miaka arobaini na sita, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe aliyaweka wiki ile ile tuliyooana. Kibanda cha fereti kikae mwisho wa ua, kwenye kivuli. Koti langu la kuwindia lisivuke mlango wa nyuma, alinipigia msumari kwenye chumba cha kufulia huko uani akasema hapo ndipo kwake. Kila nikirudi nilikuwa namsikia kabla sijamwona, akiniita kwa jina alilonifupishia: "Koti nje, Cuddy. Na huyo jamaa yako nje." Nami nilisimama uani na fulana, Januari, natetemeka, naye ananipitishia kikombe cha chai dirishani na kuniambia ninuse mikono yangu mwenyewe kabla sijamgusa. Nilikuwa nanung'unika, Bi. Marjorie. Nilimwambia hata mfalme haoni baridi ya namna hii kwa ajili ya mke. Sasa ningesimama uani mpaka kesho kutwa kama ningejua yuko dirishani.

Alifariki Novemba. Jioni ya siku ya mazishi watu walipoondoka nilimtoa Samson kibandani nikamwingiza ndani, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu, akazunguka jikoni akanusa kila kona kisha akapanda kwenye kiti cha Olive akajikunja akalala, na mimi sikumtoa. Nakiri kwako kwa sababu hunijui. Nyumba ilikuwa haina mtu wa kunigombeza. Koti nalo likaingia, likakaa nyuma ya mlango wa sebule, na ule msumari sasa unaning'iniza ndoo.

Wakati wa baridi haikuwa mbaya sana, au pua yangu ilizoea, lakini ilipoingia Machi harufu ikawa ya kushikika kwa mkono, na binti yangu Janice alipokuja kutoka Leeds na mjukuu wangu Freya wa miaka sita, mtoto alisimama kizingitini akaziba pua, tukala samaki na chipsi ndani ya gari, wote watatu, madirisha wazi na mvua inaingia. Janice alilia. Akaniambia, "Baba, nakupenda, lakini nyumba ya mama inanuka na wewe husikii."

Basi nikaanza kumwosha Samson. Olive alikuwa anaweka sabuni za lavenda kwenye droo, katikati ya mashuka, hazitumiki, zinanukisha tu, zilikuwa sita, na kila Jumamosi nikawa namwosha, halafu nikaona haitoshi nikaongeza Jumatano, na naapa kadiri ninavyomwosha ndivyo anavyonuka zaidi, na ngozi imeanza kumwasha. Imebaki sabuni moja.

Sasa Janice amesoma mahali kwamba Marekani fereti huondolewa tezi za harufu, zile zilizo chini ya mkia, wangali wadogo, na hawanuki. Nilikwenda kwa daktari wa wanyama hapa kwetu, msichana mdogo mwenye adabu, akaniambia hakati mnyama mzima kwa ajili ya pua ya mtu, akataka kunieleza habari za kumhasi nikavaa kofia nikaondoka, maana kwetu dume hahasiwi, Alf wa klabu alimhasi wake na mpaka leo wanamuuliza kama sungura wamemshukuru. Janice akapata mtu wa mji mwingine anayekata kimyakimya, ndiyo hiyo Ijumaa, na amesema nisipofanya hivyo au nisipomgawa Samson basi Freya hataingia humu tena. Yeye ndiye mjukuu pekee niliye naye. Na Samson ndiye anayepumua humu ndani mbali na mimi. Nifanyeje?

Wako,
Cuthbert Raine

*

Kaka yangu Cuthbert,

Pole kwa Olive. Pole sana. Baba yangu alikuwa na fereti wanne na koti la namna hiyo hiyo, na siku tuliyolitupa baada ya kumzika, mama alilifuata kwenye pipa la taka akalirudisha. Kwa hiyo nakuelewa, na kwa kuwa nakuelewa utanisikiliza ninapokukaripia.

Ijumaa huendi popote. Mpigie Janice simu leo, si kesho, umwambie nimekukataza mimi. Zile tezi za chini ya mkia fereti huziachia akishtuka au akiogopa, harufu inatoka dakika chache kisha inapotea. Harufu inayoishi kwenye mapazia yako inatoka kwenye ngozi yake mwili mzima. Utamkata, utamuumiza, na Jumamosi nyumba itanuka vile vile, ila sasa utakuwa na mnyama mgonjwa na binti aliyedanganywa. Huyo msichana mwenye adabu alikuwa sahihi, na wewe ulivaa kofia.

Rudi kwake na kofia mkononi, ukaombe radhi. Dume asiyehasiwa hunuka kuanzia machipuko mpaka vuli kwa sababu anatafuta jike, na hilo wewe uliyefuga fereti tangu utoto unalijua kuliko mimi, ila hukutaka kulijua. Amhasi, au kama anaona ni bora, amtie kile kipandikizi kidogo chini ya ngozi kinachomtuliza. Sehemu kubwa ya harufu itakwisha. Umempa mnyama jina la Samson halafu unaogopa atapungukiwa nguvu. Anazihitaji kwa kazi gani, na wewe magoti hayakupeleki hata shambani? Wa klabu wakicheka, waulize mjukuu wa Alf anakula wapi, mezani au garini.

Kumwosha uache kabisa. Sabuni inamkausha mafuta ya ngozi, ngozi inaogopa na kutoa mengine maradufu, ndiyo maana anazidi kunuka na kujikuna. Mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha, wala si lavenda. Unachotakiwa kuosha ni matandiko yake, kila wiki, na kona yake ya haja, kila siku. Na kama bado unamlisha mkate na maziwa kama babu zetu walivyofanya, nina hakika unamlisha, acha. Mpe nyama.

Sasa hili lingine, ambalo hukuliuliza. Umemwingiza Samson ndani ili mtu akugombeze, na aliyekugombeza hatarudi. Mnyama amekaa kwenye kiti cha Olive miezi sita na hajakuambia neno. Naona uchungu kulisema, lakini kiti hicho kinahitaji kukaliwa na mtu anayeongea, na mtu huyo ana miaka sita na yuko Leeds.

Kibanda kirudi mwisho wa ua, kwenye kivuli. Toa ile ndoo kwenye msumari, utundike koti. Ukimtaka Samson jikoni jioni, saa moja inatosha, kisha arudi kwake, nawe unawe mikono. Ukitazama vizuri utaona sijakushauri jambo kubwa ambalo Olive hakukushauri wiki ile mliyooana. Alikujibu barua hii kabla hujaiandika, na ulimtii miaka arobaini na sita huku ukinung'unika, na nyumba haikunuka.

Fungua madirisha, fua mapazia, kisha mwite Janice aje na mtoto. Freya atataka kumshika Samson, watoto wote hutaka, mpeleke kibandani akamshike. Ile sabuni ya mwisho usimwoshee mnyama. Iweke kwenye sinki la chumba cha kufulia, na mtoto akitoka kibandani mwambie anawe mikono yake kabla hajavuka mlango wa nyuma, na wewe usimame dirishani umpitishie chai yake.

Marjorie