Waya wa Pete Mbili

Mama,

Feni ya bafuni haikuungua. Mimi ndiye niliyeizima. Miezi minne imepita na sijamwambia mtu.

Nilifanya hivyo siku chache baada ya kumaliza ikiriyo, matanga yako, viti vya kuazima vilipokuwa vimerudishwa na nyumba imebaki na sisi wawili, mimi na Papa. Papa alikuwa akitoka kuoga, anazima taa, anaenda chumbani, na feni inaendelea kuzunguka zile dakika tano ulizoipangia ili imalize kutoa mvuke. Nilikuwa nakaa mezani na kitabu, na kwa dakika tano zote nilikuwa nasubiri utoke na taulo kichwani, uniulize kama maharage yameiva. Nilijua hutoki. Masikio hayakujua. Kila mtu akitoka bafuni, wewe ulikuwa unabaki ndani.

Basi siku moja Papa akiwa kazini nikazima swichi kuu, kama ulivyonifundisha, nikapanda kwenye stuli yako na kufungua kifuniko. Nyaya zako tatu zilikuwa pale na rangi yako ya kucha. Wewe hukuwahi kupaka kucha hata siku ya harusi ya Shangazi, lakini kichupa chekundu hakikutoka kwenye sanduku lako la kazi. "Rangi ya waya ni ya aliyeuza," ulikuwa unasema. "Alama ni ya aliyefunga." Waya mmoja hauna pete ya rangi. Wa pili una pete moja, unatoka kwenye swichi ya taa. Wa tatu una pete mbili, una umeme saa zote.

Nikafikiri kama mtu wa vitabu. Nikasema: huu wa saa zote ndio unaoifanya feni izunguke taa ikiwa imezimwa. Nikiutoa, feni itawaka na taa na kuzimika na taa. Nikauchomoa, nikaufunga tepu kichwani, nikarudisha kifuniko. Nilipowasha taa, feni haikusogea hata kidogo.

Ulikuwa umenieleza, tena mara mbili, wakati ule unaifunga na mimi nimekushikia tochi huku nikisoma kwa mkono mwingine. "Profesa, teremka kwenye hicho kitabu. Wa pete moja unamwita. Wa pete mbili unamlisha. Ukimwita mtu mwenye njaa, atakujaje?" Nilicheka bila kusikiliza. Sasa nimeelewa.

Ningeirudisha siku ileile. Lakini Papa alirudi, akabonyeza swichi, akasimama mlangoni mwa bafu muda mrefu. Shangazi alipopiga simu nikamsikia akimwambia, "Hata feni yake imemfuata." Baada ya sauti ile sikuweza tena kufungua mdomo. Unanijua. Hata darasani, nikijua jibu, huliandika pembeni mwa daftari na kusubiri mwingine aliseme.

Tumechoka, Mama, sote wawili. Mimi naamka kabla ya kengele ya simu, napika chai, nakwenda shule, narudi, nachagua maharage, nasinzia juu ya fizikia. Dari ya bafu imeota madoadoa meusi, kwa kuwa dirisha hakuna, na taulo hazikauki. Wateja wako bado wanapiga kwenye ile simu yako ndogo ya tochi, wanaulizia mama fundi. Mwanzoni Papa alikuwa anawaeleza. Siku hizi anasema tu, "Hayupo," kisha anaiweka simu kifudifudi. Kiswahili chako kimebaki hiki ninachokuandikia. Papa akijaribu kukisema, kila kitu bado ni "iko," na hakuna wa kumcheka.

Tena akaanza kuchelewa kurudi kutoka kazini Gikondo. Ghala lao linafungwa saa kumi na moja, yeye anafika chakula kimepoa. Anaoga haraka kama askari. Nilidhani ananikimbia mimi.

Kisha Jumapili moja baada ya misa akaingia bafuni akafungua bomba, akaliacha likimwagika. Papa, anayetukemea tukipiga mswaki bomba likiwa wazi. Nilipita koridoni kuchukua fagio. Maji hayakutosha kufunika, Mama. Nilimsikia.

Nikasimama na fagio mkononi, nikakumbuka wiki ile ya ikiriyo, jinsi wageni walivyokuwa sebuleni na yeye akiingia bafuni mara kwa mara, feni inavuma, anatoka uso umeoshwa na kuwauliza kama wamepata fanta. Shangazi alimsifu. Alisema kaka yake ni mwanamume, machozi yake yanatiririkia tumboni, kama wazee wanavyosema. Hayakuwa yanakwenda tumboni. Yalikuwa yanakwenda kwenye feni yako. Mimi nikamchomolea.

Hapo pia sikusema. Jumatano akaja na fundi mmoja kutoka Kimisagara. Fundi hakufungua hata kifuniko. Alibonyeza swichi, akachungulia, akasema, "Hii iko imekufa, mzee. Mota imeungua. Tunatoa, tunaweka mupya. Hii ya zamani nitakutupia mimi mwenyewe, usihangaike." Papa akaitikia kwa kichwa tu. Wakaelewana Jumamosi mchana, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa.

Kwa hiyo leo asubuhi, Papa alipobeba jembe na kwenda kulima mtaro pamoja na majirani, nikajua nina muda wa saa tatu.

Nilijaribu testa kwanza kwenye soketi ya sebuleni yenye umeme, kwa sababu testa iliyokufa husema kila waya ni salama. Nikazima swichi kuu. Nikajaribu tena. Nikapanda stuli na simu yako ya tochi mdomoni. Nikatoa tepu, nikaingiza waya wa pete mbili mahali pake, nikakaza skrubu, nikashuka, nikarudisha umeme, nikawasha taa ya bafu.

Feni haikuzunguka.

Nilikaa sakafuni. Nilifikiri labda fundi alisema kweli, au labda niliiua mimi siku ile. Nilitaka kulala palepale kwenye vigae. Saa nne ilikuwa imepita.

Halafu nikakumbuka mkono wako. Kila ukimaliza kukaza skrubu ulikuwa unauvuta waya, kwa nguvu, mpaka naogopa utaukata. "Vuta. Usiuonee haya. Ukikubali kutoka, hukuufunga." Mimi sikuvuta. Niliogopa kuharibu.

Nikazima tena, nikajaribu testa tena, nikapanda. Niliuvuta kidogo tu, ukateleza ukanifuata mkononi kama uzi. Skrubu ilikuwa imebana plastiki, haikugusa shaba. Nikamenya ncha ya waya kidogo zaidi kwa kisu chako, nikaurudisha, nikakaza. Nikavuta kwa nguvu. Ukakataa. Nikaupaka upya pete zake mbili kwa rangi yako.

Kabla ya kufunika nikaiona ile skrubu ndogo ya muda. Uliiweka dakika tano. Nimeizungusha hadi kumi. Akitoka, nyumba isinyamaze ghafla, apate muda wa kufika chumbani.

Papa amerudi na matope hadi magotini. Yumo bafuni sasa. Feni inavuma vizuri, sauti yako ileile, na mimi nimekaa mezani nakuandikia na sisubiri tena wewe utoke. Anakaa sana humo ndani. Akae.

Pumzika, Mama fundi wangu. Sitamwambia kwamba nilimsikia; hilo litabaki kwetu wawili. Lakini la waya nitamwambia leo, kabla sijapoteza ujasiri. Na kila ninachofunga, nakuahidi, nitavuta.

*

Nimeongeza haya jioni.

Nilimpigia fundi simu, mimi mwenyewe, kwa sauti, nikamwambia asije. Akauliza ni nani aliyetengeneza. Nikasema mtoto wa mama fundi. Nikarudisha kichupa chekundu kwenye sanduku, nikachemsha chai.

Papa alitoka, akazima taa, akasimama koridoni akisikiliza feni ikiendelea. Haikuzimika baada ya dakika tano. Akaja mezani.

Nikamwambia, "Papa, nina neno."

"Iko nini?"

Nikamsogezea stuli yako. Akakaa. Nikaanzia mwanzo.