Kufuli Nililolificha

Somo yangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini nikianza bila kukuamkia utaniona sina adabu hata huko uliko.

Ni Alhamisi, saa kumi jioni. Niko Gungu kwa dada Mwanaidi, nimekaa kitandani na mlango uko wazi kabisa. Siku hizi siwezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa. Watoto wake wanapita, wanachungulia, wanauliza, "Mama mdogo, unamwandikia nani?" Nawaambia rafiki.

Rajabu alinipa talaka, Somo. Talaka moja, mwezi wa nne tangu tukuzike. Simu yangu iliita mara mbili nikiwa bafuni, basi hilo lilitosha. Akaandika karatasi, akanirushia, akasema nenda kwenu. Nilitoka kabla hajavaa viatu na kubadili nia. Nilibeba kanga zako mbili, sufuria moja, na kitu kimoja zaidi ambacho ndicho kimenifanya nikuandikie.

Wiki ya kwanza nililala tu, uso ukutani. Kisha nikakumbuka zile siku nilizokuwa ndani kwako nikifundwa, nilivyolia kwa kuogopa kuolewa, nawe ukanisukumia sahani ya ugali na samaki wa mgebuka. "Kula kwanza, mwali wangu, kisha ulie." Basi nikala. Kisha nikalia. Kesho yake nikafuatana na dada mpaka ufukweni Bangwe kuanika dagaa, na sasa nina sehemu yangu mwenyewe pale mchangani. Wanawake wa pale wananitania kwamba nageuza dagaa taratibu kama namgeuza mgonjwa. Nacheka nao. Usiku mwingine nalala mpaka alfajiri bila kushtuka. Nilikuwa naanza kupona, na nilitaka ulijue hilo kabla ya haya mengine.

Shehe alinieleza kwamba nikiiona hedhi ya tatu eda yangu imekwisha, na Rajabu hawezi tena kunirejea bila ndoa mpya. Mbili zilikuja kwa wakati wake. Ya tatu imechelewa siku tisa. Nilikwenda duka la dawa Ujiji, mahali wasiponijua, nikanunua kipimo. Mimba hakuna. Nadhani ni woga tu, mwili umeogopa mpaka umesahau kazi yake.

Jumatatu wifi yangu alinifuata Bangwe. Akasimama karibu akanyage dagaa zangu, ameshika doti ya kitenge kutoka Kongo. "Wifi, kaka anakuja Ijumaa baada ya swala, na mashahidi wake. Anakurejea. Si eda bado?" Alikuwa anatabasamu, masikini, amefurahi kweli. Dada naye anasema nina bahati, wenzangu wanaachwa na hawaulizwi tena. Jana nilimwaga chai mara mbili.

Dada hajui, Somo. Hakuna anayejua, kwa sababu ulinifunda vizuri mno. "Mambo ya chumba chako usiyatoe nje, hata kwa mama yako. Yalete kwangu." Nikayaleta kwako. Unakumbuka Rajabu alipopanda boti kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akanifungia kwa nje na kuondoka na ufunguo? Siku mbili nilikunywa maji ya ndoo ya udhu. Siku ya tatu jirani akanisikia nikigonga, akamwita fundi akalikata kufuli kwa msumeno. Niliwaambia mume wangu alisahau kwamba nimo ndani. Wakacheka. Nami nikacheka, midomo imenikauka.

Wewe peke yako nilikwambia kweli. Nawe ulinishika mkono ukanirudisha kwake. Ulisema ni wivu tu, ni mtu anayependa na hajui kupenda. Nimekukasirikia kwa hilo. Nakulilia na nimekukasirikia, na sijui nianze na lipi.

Ulipokuwa mgonjwa, jioni moja uliniuliza, "Lile kufuli, bado analo?" Nikakwambia amenunua jipya, kubwa zaidi. Ukageukia ukutani. Nilidhani umechoka, nikakufunika shuka, lakini mabega yako yalikuwa yanatikisika. Hukulitaja tena mpaka ulipoondoka.

Jana nilikwenda kwa shehe. Akaniambia mume ana haki ya kurejea ndani ya eda, akikusudia wema. Kisha akaniangalia, akauliza, "Kuna ubaya wowote kati yenu, binti yangu?" Nikasema hapana. Somo, nilisema hapana! Lile kufuli lililokatwa, nililolificha tangu siku ile na kutoka nalo kwake, lilikuwa ndani ya mkoba wangu, nalishika kwa vidole, na ulimi wangu ukajibu vile ulivyoufundisha wewe.

Naogopa. Naogopa kesho Rajabu atacheka na wote watacheka naye kama walivyocheka siku ile. Naogopa shehe ataniuliza mbona jana nilikana. Naogopa kurudi na kulisikia lile jipya likibanwa kwa nje. Hata wewe nakuogopa kidogo, ingawa umekufa.

Lakini sitakaa nikingoja damu initetee. Ije, isije, kesho wakishaketi nitatoka chumbani na kuliweka kufuli juu ya mkeka, mbele ya mashahidi wake. Nitasema siku mbili, nitasema maji ya udhu, nitasema ufunguo ulikuwa Kalemie. Wakisema nirudi hata hivyo, nitakwenda baraza la kata, na baada ya hapo mahakamani, na kufuli langu mkobani.

Kwa hiyo hii ndiyo ruhusa ninayokuomba, na kama huna pa kunijibia, nisamehe. Ya chumbani kwangu nayatoa nje. Nakuahidi sirudi mle ndani. Jumapili nitakuja kulipalilia kaburi lako, nikueleze yote.

Pumzika, Somo yangu. Mungu akupanulie ulipolala.

Dada ananiita, ugali uko tayari. Naenda kula kwanza.

Mwali wako,
Zaituni