Kanga Uliyemchora kwenye Kioo cha Pikipiki Yangu

Ngalula, mamu wangu,

Mama yako amekwenda misa, nami nimebaki peke yangu nyumbani. Ulibeba jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana nilikuita mamu tangu ulipokuwa na meno mawili tu. Bado nakuita hivyo. Nikiingia jioni, kabla sijavua koti, mdomo unakuita wenyewe, halafu nyumba inanyamaza.

Nataka tukumbuke pamoja zile siku za kuchora kioo. Mama yako alikuwa sokoni muda mwingi. Ni mimi na wewe tu tuliokuwepo, na sasa nimebaki mmoja wa kuzikumbuka.

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Ule ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, selimundu, tunaouita SS, ulikuwa umekulaza tena. Viungo vilikuuma hata kushika kijiko ikawa kazi. Maumivu yalipokuachia, daktari alisema shule isubiri kwanza, upumzike. Lakini wewe kupumzika hukukujua. Ulikaa barazani ukinitazama ninavyofuta vumbi la barabara ya Kamatanda kwenye ile pikipiki ninayobebea watu, moto tunavyoiita hapa mjini Likasi, ukanicheka.

"Papa, hii parabrizi yako iko sawa jicho ya muzee."

Ulisema kweli. Kioo cha mbele, kile cha plastiki ngumu kinachokinga upepo, kilikuwa kimekwaruzika mpaka kikawa cheupe. Nikatafuta kingine sokoni, kipya, kinachong'aa. Nikakuambia nitampelekea mwandishi wa vibao aniandikie maneno mawili: Mungu Iko.

"Kila moto ya Likasi iko na hii maneno," ulisema. "Weye leta hapa. Minye nitachora."

"Utachora nini?"

"Kanga."

"Kanga, ile ndege? Bantu batacheka, mamu!"

"Bacheke. Muntu akisha kucheka, anakukumbukaka. Kesho atatafuta weye."

Wale kanga walikuwa wa jirani yetu, walipita uani kila asubuhi wakipiga kelele kama akina mama wanaogombana kisimani. Ulikuwa umewachora katika daftari zako zote, hata pembeni mwa hesabu. Nikakubali. Nani angekukatalia wakati ule, mtu ametoka kulala kitandani juma zima akiuma blanketi?

Uani upepo ulikuwa unaleta vumbi, tukaingia sebuleni. Tulitandika gunia juu ya meza. Ulinituma maji ya vuguvugu na sabuni, ukakiosha kioo taratibu kama unaogesha mtoto, ukakikausha kwa kitambaa cha pamba. Mimi nilitaka kuleta petroli kidogo ili kisafike zaidi. Ulinipigia kelele: "Hapana petroli, papa! Itapasula plastiki!" Halafu ukachukua msasa laini uliolowa, ukasugua upande wa ndani, chini tu, pale picha ilipotakiwa kukaa. Juu ulibandika tepu ya karatasi na magazeti. "Hapa tunaacha wazi," ulisema, "sababu minye ninataka papa wa kuona njia."

Sikuelewa kwa nini unachora ndani badala ya nje. Ukanieleza kwamba nje mvua na mchanga vingeifuta kabla ya Noeli. Na mtu akichora nyuma ya kioo anaanza na vile ambavyo kwa kawaida huchorwa mwisho. Kwa hiyo ulianza na madoa meupe, yale madoadoa ya kanga, ukiyaweka moja moja kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Nilikaa nikashika kopo. Niliona madoa tu yametawanyika kwenye kioo kama mchele uliomwagika, nikajisemea moyoni kwamba mtoto amepotea. Kesho yake ukapaka mwili wa kijivu juu ya madoa hayo, ukakigeuza kioo, ukakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mamu, nilipiga makofi! Kanga alikuwa amesimama pale, mnene, amekasirika, shingo imenyooka, kana kwamba mtu amemwibia mayai.

Mama yako aliporudi na mboga zake alilalamika kwamba bukari, ugali wetu, itanuka rangi. Halafu akamwona. Alicheka mpaka akakaa chini na kapu lake. "Ndege huyu anafanana na dada ya baba yako," alisema. Tulicheka wote watatu. Nakumbuka ulishika mbavu, nami nikaogopa kwamba maumivu yamerudi, kumbe ni kicheko.

Ulipaka anga mwisho, rangi ya chungwa, kila safu nyembamba, na kila safu ukaiacha ikauke kivulini. Mimi sikuwa na subira, nilitaka kukiweka juani. "Polepole, papa. Jua itakunja rangi." Ulipomaliza na vanishi juu yake, vidole vyako vilikuwa vimevimba. Ulivificha chini ya kitenge. Niliviona, nikakuletea maji ya moto kwenye chupa uvikande.

Siku tuliyokifunga kwenye pikipiki ulipanda nyuma yangu, ukiwa na sweta mbili kwa sababu ya upepo, tukashuka barabarani chini ya mijakaranda. Pale kwenye kituo cha mabasi vijana wa pikipiki walisimama wote. "Papa Kanga! Ee, Papa Kanga!" Uliniwekea kidevu begani, ukasema sikioni mwangu, "Unaona? Njo vile nilikuambia." Kabla ya juma kuisha hakuna aliyeniita kwa jina langu tena. Watu waliacha pikipiki nyingine wakapanda yangu. Akina mama wenye vikapu, wafanyakazi wa kiwanda, mafundi, wote waliuliza nani amechora, nami nikajibu kwa kifua mbele: mutoto wangu mwanamuke.

Mvua zilianza, nawe ulikuwa umerudi shule. Ulilowa siku moja tu, ukitoka shuleni, mvua ya ghafla. Jioni yake kifua kikaanza kukubana. Wewe unakumbuka kuliko mimi, ama pengine hukumbuki, na ningependa iwe hivyo. Asubuhi mama yako alikaa nyuma, wewe katikati, nami nikaendesha hadi hospitali, matope kila mahali, mikono yako imenizunguka kiunoni lakini haina nguvu. Walikuwekea hewa. Walikuwekea damu. Wauguzi walihangaika nawe, siwezi kusema walilala. Mchana nilikaa kando ya kitanda nimeshika mkono wako.

"Papa," ulisema, "uko unanifinya sana."

Nikaulegeza. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Baadaye ulilala, na pumzi zikawa fupi, fupi, hadi mama yako aliposimama ghafla na kuita jina lako kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mpaka leo mkono wangu unatafuta ule mkono ili uushike tena, hata kwa kuufinya.

Wenzako wa shule walikuja kwenye kilio na sare zao za bluu na nyeupe. Waliimba. Pikipiki ilikaa uani imefunikwa kitenge cha mama yako, na sikutaka mtu yeyote akiinue. Lakini nyumba inataka kula, mamu. Nikarudi barabarani.

Sasa nikuambie jambo lililonishinda. Watu waliendelea kuita Papa Kanga. Wasafiri waliendelea kuuliza nani amechora. Nami nikajibu kama zamani: "Mutoto wangu." "Iko wapi?" "Iko ku nyumba." Nilijibu hivyo kila siku. Ilinipa dakika chache za raha. Wewe ulikuwa nyumbani, barazani, unanisubiri nirudi. Kati ya kituo na soko ulikuwa mzima.

Kumbe mmoja wa waliouliza alikuja kukutafuta. Kijana wa pikipiki wa kituo kingine, asiyejua habari zetu, mpole, amebeba kioo chake kipya kwapani. Alibisha hodi mimi nikiwa kazini. Alimwambia mama yako: "Papa Kanga alisema mutoto mwenye kuchora iko hapa. Ninataka na minye anichorele." Ikabidi mama yako ndiye amweleze. Yule kijana aliweka kioo chini, akakaa kwenye ngazi, akalia kama ndugu yako wa damu.

Niliporudi mama yako hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akasimama mlangoni.

"Weye unamuishisha kule ku barabara," alisema. "Minye namuzika kila siku hapa ku mulango."

Sikula. Nilimtazama mgongo, akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Kesho yake asubuhi nilimpakia mama mmoja mzee mwenye kapu la lenga-lenga, mchicha wetu. Kabla hajapanda alimtazama kanga, akatabasamu.

"Nani alikuchorea ule ndege?"

Maneno ya kila siku yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza. Nikasema, "Mutoto wangu mwanamuke. Jina yake Ngalula. Alikufa."

Tulianza safari, lakini hatukufika mbali. Macho yalijaa, sikuiona tena barabara, nikasimamisha pikipiki kando. Malori yalipita yakitumwagia vumbi. Yule mama alishuka, akaweka kapu lake chini, akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, mimi mwanaume mwenye mvi, mbele ya watu. Hakuuliza ugonjwa, hakutaja Mungu. Alisema tu, "Minye sina haraka, papa." Akasimama pale hadi nilipoweza kuendesha.

Mchana huohuo nilirudi nyumbani, nikamkuta mama yako anasonga bukari.

"Nimesema," nikamwambia. "Muntu aliniuliza, nimesema alikufa."

Aliacha mwiko ndani ya chungu. Akaja kukaa karibu nami kwenye benchi. Tangu ulipotuacha, tulikuwa tunalia kila mmoja upande wake, yeye jikoni, mimi barabarani, tukifichana kama watoto. Siku ile tulilia pamoja, tumeshikana, bukari ikaungua, na hakuna aliyeinuka kuitoa.

Nasikia viatu vya mama yako uani, misa imekwisha. Nitamsomea barua hii. Pumzika salama, mamu, mahali ambapo hakuna kiungo kinachouma.

Minye papa yako