Kuhusu Gauni, Mbuzi na Trekta Lako

Baba Paskalina,

Shikamoo. Najua umeshtuka. Miaka yote tuliyoishi pamoja hukuwahi kuisikia shikamoo kutoka kinywani mwangu, na ulikuwa umenizidi miaka tisa. Mama yako alinisema sana kwa hilo mpaka akachoka. Leo nakupa, na sababu utaiona huko chini. Ipokee upesi kabla sijabadili mawazo.

Hapa Mogitu tuko wazima. Mvua imewahi na maharage yamekubali. Kwenye kiti chako cha kamba kuku mwekundu ametaga mayai saba. Nilipomkuta pale nilitaka kumfukuza, nikacheka, halafu nikalia, kuku ananitazama tu. Nimemwacha aatamie.

Trekta sasa anaendesha Emanueli. Mtoto wako yule ni wewe mtupu, anaongea nalo kama linajibu. Mimi nilidhani ukiondoka wewe, yule mke mwenzangu wa chuma naye atanyamaza. Wapi! Ananguruma kuliko zamani. Nakumbuka siku ulipomleta, wakati lile shamba kubwa la ngano la serikali linauzwa vipande vipande na nyie madereva mnarudishwa makwenu. Wenzako walirudi na mabati. Wewe ukaja na trekta bovu lenye taa moja, umekaa juu kama bwana harusi.

Na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, ule wa kuzungusha watoto kwa trekta. Kila msimu wa kulima, wakishatoka shule siku ya Ijumaa, unaliwasha, unashuka nalo shamba la chini, na Paskalina na Emanueli wanakukimbilia kwa miguu mpaka mnapotelea nyuma ya ghala bovu. Huko nyuma nilikuwa sioni kitu. Nikisikia injini imezima najisemea limeharibika tena, maana lilikuwa haliishi kuharibika. Baadaye watoto wanarudi na vumbi mpaka kwenye kope, grisi puani, wananiambia wamefika Arusha. Tulipokatwa kutoka Arusha tukawa Mkoa wa Manyara, hata safari zenu zilifupishwa, mkawa mnaishia Babati, makao makuu mapya.

Nilikusema, Baba Paskalina. Nilikusema mezani, nilikusema shambani, nilikusema mbele ya padri alipokuja kubariki nyumba. Nikakwambia trekta lina kiti kimoja, na mtoto akidondoka kwenye madigadi pale juu ya tairi, tairi la nyuma halimwulizi ni wa nani. Siku moja nilikunyima ugali kabisa. Wewe ulikuwa unajikuna kichwa tu, "Nimesikia, Mama Paskalina," na Ijumaa inayofuata huyo unawasha. Jamani, ulinikera!

Sasa sikia yaliyotokea. Boay wa Paskalina, si unajua ninakaa naye, ametimiza miaka mitano. Kabla hujapelekwa hospitali ulimwambia, "Nikirudi nitakuzungusha." Hukurudi. Mtoto hajasahau hata siku moja. Kila asubuhi anakwenda kuosha tairi kwa kikombe cha maji ili Babu akija alikute safi. Mimi namwambia trekta si la watoto, naye ananijibu kwamba Babu hakusema hivyo.

Wiki tatu zilizopita Emanueli aliitwa kulima Maretadu. Nilikuwa nasonga ugali, nikasikia anaondoka, nikachungulia mlangoni nimuage. Nikamwona Boay. Amekaa juu ya plau huko nyuma, katikati ya zile diski za kulimia, kikombe cha uji mkononi, ananipungia. Emanueli hana habari, anaongea na trekta.

Sijui nilitokaje jikoni. Nilikata katikati ya mahindi na mwiko wangu, napiga kelele, injini inapiga kelele zaidi. Nikatokea barabarani mbele yake nikalirushia trekta mwiko. Ulilipata sawasawa kwenye pua, na ugali wake. Emanueli akafunga breki. Nikamshusha mtoto, nikakaa naye kwenye tope na kanga yangu safi. Diski zile zinapasua udongo mkavu, Baba Paskalina. Na mtoto ana shingo nyembamba hivi. Nimemkumbatia, na yeye ananiuliza kwa nini nimemwaga uji wake.

Basi nikaamua. Trekta linauzwa. Kuna mtu wa Gitting alishaliulizia hata kabla arobaini yako haijaisha. Nikampigia Paskalina simu, akapanda basi kutoka Babati, nikawaketisha yeye na Emanueli nikawaambia ugonjwa huu ameuleta baba yenu, ndiye aliyewazoesha kupanda, sasa umefika kwa wajukuu, mimi sitazika mtoto kwa ajili ya chuma. Nilisema mengi. Mengine siyaandiki, wewe ni marehemu.

Paskalina akamtazama Emanueli. Emanueli akajikuna kichwa, vilevile kama wewe. Nikajua kuna jambo.

Wameniambia yote. Kwamba ulimpandisha mtoto mara moja tu, siku ya kwanza kabisa, Paskalina akiwa na miaka sita, ukamkalisha kwenye madigadi na gauni lake jipya la njano la Krismasi. Kwamba hamkufika mbali, tairi likadaka pindo la gauni likaanza kulivuta. Mungu ni mwema, yule fundi cherehani aliyelishona alikuwa na uzi mbovu. Gauni lilichanika lote likaenda na tairi, mtoto akabaki mikononi mwako. Kwamba ulizima, ukashuka, ukakaa chini ukalia umemkumbatia, na Emanueli mdogo naye akalia kwa sababu wewe unalia. Kisha ukawaambia, "Mama tutamwambia gauni limeliwa na mbuzi."

Mbuzi! Mbuzi wa jirani yetu, Mzee Gidamis!

Na kwamba kuanzia siku ile hakuna mtoto aliyepanda trekta linalotembea. Unafika nyuma ya ghala peke yako, unazima, unatoa ufunguo unautia mfukoni, unaweka mawe kwenye matairi, ndipo unampandisha mmoja mmoja ashike usukani. Arusha mlikuwa mnakwenda mmesimama hapohapo. Injini ulikuwa wewe, kwa mdomo. Paskalina anasema ulikuwa unabadilisha mpaka gia, na mkifika Dareda, hapo njiani, unapiga honi. Kisha unawapaka vumbi na grisi ili waonekane wasafiri.

Miaka yote hiyo nakusema kwa kosa uliloliacha siku uliyolianza. Ungeniambia neno moja tu ningenyamaza. Lakini ungelazimika kulitaja gauni, na wewe ukaona heri kusemwa. Aisee, ulikuwa mwoga wewe! Na ulikuwa baba mzuri. Naumia kwamba nakwambia hilo huku hunisikii ukajikuna kichwa.

Sasa nakuja kwa yule mbuzi. Unakumbuka nilivyokwenda kwenye boma la Mzee Gidamis nikawatukana mbuzi wake mbele ya wake zake. Yule mzee wa watu aliwakagua midomo mmoja baada ya mwingine, mwisho akaniletea beberu ili yaishe. Tukamchinja. Wewe ulikula sahani mbili, Baba Paskalina, ukaomba na mchuzi! Na mimi tangu siku ile nikikutana na mzee yule shikamoo yangu ilikuwa inatokea puani.

Wiki iliyopita nilifunga kitenge kizuri nikaenda kumwomba radhi. Nikamsalimia vizuri, nikaeleza yote, nimeinamisha kichwa. Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Akasema alijua tangu mwanzo, maana siku gauni linachanika mbuzi wake wote walikuwa Basotu wanalamba chumvi. Kumbe jioni ileile ulimfuata ukamwambia ukweli, ukamsihi akubebee lawama. Nikamwuliza, "Sasa beberu ulimtoa kwa nini?" Akaniambia mwanamume aliyelia kwa ajili ya mtoto wake hanyimwi mbuzi.

Nilirudi nyumbani polepole. Nilipofika kaburini kwako nilikuwa nimekusudia kukugombeza. Nikang'oa majani tu.

Ijumaa nikamchukua Boay. Emanueli akalipeleka trekta nyuma ya ghala, akaweka mawe, akanipa ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la kanga. Nikapanda. Ndiyo, mimi. Nikakaa kwenye kile kiti chako kibaya cha chuma, Boay mapajani, mikono yake kwenye usukani. Nikasubiri. Akageuka kunitazama, "Bibi, washa."

Nikaguna kidogo. Akasema hiyo ni pikipiki. Nikakaza koo, nikajaribu tena kwa nguvu zote. Akasema hiyo ni mbuzi. Katekista akapita barabarani, akanisalimia Tumsifu Yesu Kristo, na mimi nashindwa kuitikia kwa sababu tuko katikati ya mlima. Ataiambia kwaya nzima, na waseme.

Tulifika Babati. Nikadhani tumemaliza. Boay akasema, "Sasa twende kwa Babu." Nikanyamaza. Akasubiri, kisha akanigonga goti, "Bibi, limezima." Nikamwambia kwa Babu ni mbali, dizeli haitoshi. Akafikiri. Akasema, "Basi turudi, tutakwenda siku nyingine, ukijua kunguruma."

Yule mtu wa Gitting nimemwambia trekta haliuzwi. Na nakuahidi, maadamu mimi ni mzima, hakuna mtoto atakayepanda likitembea, wala kwenye madigadi, wala kwenye plau, hata akilia mpaka usiku. Akitaka safari, ufunguo uko kwenye kanga yangu na mawe yako kwenye matairi. Kwa ule ugali niliokunyima, nisamehe.

Nafanya mazoezi nikiwa jikoni. Kwa hiyo huko uliko, ukisikia kitu kinakohoa kama mbuzi, usinicheke. Ni mimi. Nakuja taratibu, bado niko Dareda.

Shikamoo, mume wangu.

Mama Paskalina