Picha ya Mama Yako Haina Sura

Ikinga,
Ileje, Songwe.
14 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Tukuswiga,

Habari za huko Mtwara? Mtoto ananyonya vizuri? Mimi magoti yananiuma kwa baridi hii, lakini mahindi nimevuna mwenyewe, asije mtu akasema nimezeeka. Na barua naandika kwa mkono wangu. Darasa la tatu langu linatosha.

Usilie tena kwamba hukufika kumzika mama yako. Ulikuwa na kichanga, ungekuja ningekufukuza. Ila kila ukipiga simu unaomba picha yake ya karibuni, na mjomba wako Ezron anaogopa kukujibu. Mimi simwogopi mtu. Picha hakuna.

Mwezi wa tatu lile shirika linalosomesha yatima lilileta wanafunzi kutoka Vwawa, wanaojifunza kupiga picha. Walikuja kupiga picha vikapu tunavyosuka, viuzwe kwenye duka la mtandaoni la shirika. Sisi tulisikia picha tu. Nani aende na matambara? Tulivaa sare za akina mama wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, tumejipaka mafuta. Mama yako alisema yake atakutumia wewe, uache kumwambia amekonda.

Kufika, wametandika shuka, vikapu juu yake, sisi tunaambiwa tusogee, tunatia kivuli. Kikapu kinageuzwa, kinafutwa vumbi kama bibi harusi. Nikawauliza nani amewafundisha kupita watu wazima kama visiki. Wakacheka, wakadhani natania. Mwisho wakataka mtu ashike kikapu, ukubwa wake uonekane. Akashika mama yako. Alitabasamu, Tuku. Nilimwona.

Homa ilipomchukua, tulitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Ezron akampigia mwanafunzi mmoja, Osward. Alikuja mwenyewe na kompyuta, akafungua zote. Kikapu, mikono, kifua cha sare. Kidevu hakuna.

"Bibi, tuliambiwa sura zisionekane, mteja aangalie kikapu," akasema, macho chini.

Matusi nilikuwa nayo mdomoni. Nikamwambia akae ale na waombolezaji. Tukazika bila picha.

Ezron atakutumia hiyo ya mikono. Utaijua kwa lile kovu la uji wa moto. Kikapu chenyewe kimeshanunuliwa, sijui na nani.

Sasa nisikilize. Hapa kila mtu anasema mimi na mama yako tulifanana, pua, meno, mpaka kununa. Acha kuomba picha. Mtoto akikaza shingo, panda gari uje naye, nimpakate anitazame. Sura ya bibi yake ninayo mimi, na sitakaa nayo sana.

Mjomba Ezron na mama yako mdogo Roda wanakusalimu. Msalimie mumeo, mwambie asikuzuie. Mungu awafunike wewe na mtoto, awafikishe salama.

Wako akupendaye hata akigomba,
Bibi yako, Ferista Mbonile