Ufa Nyuma ya Plako

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Nyalukemba tuko wazima, mama yako amepona malaria. Lakini tangu barua yako ifike, siwezi kutulia kwa kiti. Unauliza kama gundi ya povu itashika mbao za plako, zile nyembamba za kupamba, kwenye ukuta wa chumba chako, ule wenye ufa.

Kule Walungu, wageni wa mahari yangu walipokaribia, nilificha ufa na magazeti, kwa gundi ya unga wa muhogo. Wageni walisifu chumba. Papa aligonga ukuta, akasikiliza, akahamisha kitanda changu. Mvua ikanyesha, ukuta ukaanguka. Kwenye matope, magazeti ilikuwa bado imeshika udongo muzuri sana.

Povu itashika, mutoto wangu. Hamisha kitanda leo.

Koko wako