Paja la Kuku Kwenye Pochi

Jumapili, baada ya isha

Aibu niliyoipata leo! Na Shabani wangu, roho yangu, bado ananiita asali.

Yeye ndiye aliyeninong'oneza kwamba mama yake alificha paja la kuku kwenye pochi siku ya harusi yetu. Mie nikalitia kwenye hadithi ya upelelezi ninayoandika kwenye kundi letu la simu. Anayesimulia ni msaidizi wa mpelelezi, mwenye maneno kweli, akatangaza: "Mwizi tumemnasa, pochi inanukia pilau!" Watu wakacheka. Nikajiona bingwa.

Leo mama mkwe kaja kutoka Chanika. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema taratibu, "Wifi yako kanisomea hadithi. Huyo msaidizi wako ana mdomo, mwanangu."

Nikakosa pa kuuweka uso.

"Siku ile ulishinda na njaa, umepambwa tu. Lile paja nilikufichia wewe. Kufika chumbani, mmeshaondoka."

Akafungua pochi ileile, akatoa kuku wa kukaanga kwenye foili. "Kula."

Nimekula nimeinamisha kichwa. Msaidizi wangu, mwenye jibu la kila kitu, hakunipa hata neno moja la kumwambia.